Kunde za Mama na Mume Wangu Kinyozi

Jumamosi, Mapinga. Mvua ya vuli imenyesha alfajiri, sasa jua linawaka na ardhi inafuka mvuke. Moyo wangu mweupe leo.

Marehemu mama aliniachia kibuyu cha mbegu za kunde, amezichanganya na majivu zisibunguliwe. Msimu huu nilizipanda zote nyuma ya nyumba. Nikivuna, ninayo mbegu yake maisha yangu yote. Zikifa, basi, hakuna nyingine.

Sasa Baba Rehema ni kinyozi. Kitu kisipokaa sawa, mkono unamuwasha. Miche ilipochomoza tu, mimi niko shuleni, akaona kila mmoja una vijani viwili vinene chini, havifanani na vingine. Akadhani ni maganda. Akavinyofoa matuta yote, kisha akanisubiri mlangoni nimsifu!

Yarabi! Mimi mwalimu wa baiolojia, mume wangu ananyoa kunde!

Vijani vile ndiyo masurufu ya mche. Mbegu imefungasha humo chakula, naitrojeni ikiwemo, mche ujilie mpaka mizizi iote vinundu na bakteria waliomo waanze kuvuta naitrojeni ya hewani. Ukivitoa mapema, mizizi inakosa nguvu, vinundu vinachelewa, majani yanapauka. Kunde za jirani, tulizopanda pamoja, zikawa zinameremeta. Zetu zikadumaa, njano tupu.

Nilipomwambia mbegu zilikuwa za mama, alikaa chini kabisa.

"Mke wangu, nimemnyoa mkwe."

Hakuwa anatania. Nikacheka huku nalia.

Tangu siku ile, akitoka msikitini alfajiri anapitia matutani kabla hajaenda kufungua banda lake. Anaweka samadi kiduchu, maana nilimkataza asizidishe, vinundu visije vikapata naitrojeni ya bure vikazembea. Mvua ikirusha udongo kwenye majani, anaupangusa kwa ile brashi ya kufutia wateja shingo. Namchungulia dirishani na hasira yote inaniishia. Nampenda huyu mtu, jamani.

Leo nimeng'oa mche mmoja, ule mnyonge kuliko yote, nitazame mizizi.

Vinundu vipo! Vidogo kama ulezi. Nimekipasua kimoja kwa ukucha, ndani kina rangi ya waridi. Vinafanya kazi.

Nimemwita aje aone. Ameupokea mche kwa mikono miwili, akauinamia.

"Shikamoo, mama," amesema taratibu.

Nikamwitikia mimi. Marahaba.