Mluzi Niliopiga Mbele ya Mkwe

Mpendwa Shangazi Jovia, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijapoa kabisa, maana mume wangu Anastase hasemi nami tangu tushuke kwenye ile meli, na kosa ni langu, lakini kila nikijaribu kulijutia nashindwa.

Binti yetu Cyuzuzo na mumewe Shyaka walitupeleka matembezi kwa meli ya watalii, kutoka hapa Gisenyi mpaka Rusizi na kurudi, na juu kabisa, nyuma ya meli, kuna zulia la kijani ambapo kijana mmoja, Byiringiro, anafundisha gofu wageni ambao hawajawahi kuicheza, na mipira yenyewe ni ya chakula cha samaki, unaipiga ziwani, inayeyuka, sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wanakula. Mimi nilienda kuchungulia tu, nikapewa fimbo, nikaishika kama jembe, maana nimekulia Busasamana na mikono yangu haijui njia nyingine, nikakita zulia mpaka likachanika. Byiringiro akacheka: "Mama, hapa hatulimi viazi. Legeza mukono, zungusha mugongo, na macho ibaki ku mupira."

Nikajaribu tena, nikakosa, nikajaribu tena, wageni wakaanza kunihurumia, halafu, Shangazi, sijui nilifanya nini, sikusikia hata uzito mkononi, mpira ukaondoka. Ulipanda nikaona umeizidi milima ya Congo, ukakawia huko juu ya maji kama hautaki kushuka. Mimi ni muuza sambaza, ziwa hili nalijua kwa harufu, kwangu lilikuwa mahali pa kutoa samaki na pa kukataza watoto, sijawahi kuliona kuwa ni kubwa hivyo. Nikaogopa, nikafurahi, machozi yakanitoka, na mdomo wangu ukapiga mluzi mrefu.

Mluzi, Shangazi, na kwetu mwanamke hapigi mluzi. Mwanamke wa Kinyarwanda, mke wa mzee wa kanisa, mbele ya mkwe wake. Anastase alikuwa chini anakunywa chai, akapanda ngazi mbio: "Yewe, Mama Cyuzuzo, ni we umepiga mluzi? Mbele ya mukwe?" Shyaka akatazama viatu vyake. Palepale Anastase akanikataza kuigusa tena fimbo ile, na sasa kila Jumamosi meli ikiwa gatini zulia liko wazi kwa watu wa mjini, napita pale na beseni langu kichwani na miguu inakuwa mizito. Nimtii niusahau mpira ule, au niende kwa siri?

Mukabalisa, Mbugangari

Pole, Mukabalisa, lakini kwanza nikugombeze. Kwa siri uende wapi? Nusu ya mji inakula sambaza zako. Kabla hujaishika fimbo, habari itakuwa imevuka mpaka pale Grande Barrière, imezunguka Goma na kurudi kwa Anastase. Mluzi ulikuponyoka, ila siri utakuwa umeitaka mwenyewe. Iondoe kichwani.

Heshima ya mkwe haichezewi, na hilo unalijua. Nenda kwa Shyaka, mpelekee sambaza, sema, "Mwanangu, nisamehe," kunywa chai, rudi nyumbani. Usiongeze maelezo.

Lakini we mama, umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, kwamba ulilia kwa kuliona ziwa. Anastase umemwambia? Hujamwambia. Mzee wa watu alikuwa chini na kikombe chake. Mluzi aliusikia, mpira hakuuona. Amekasirikia nusu ya jambo, na nusu nyingine umeificha wewe.

Basi mweleze yote, kama ulivyonieleza mimi. Halafu Jumamosi mpigie pasi shati lake, mwambie, "Papa Cyuzuzo, twende uone kilichonitoa akili," mkifika mpe fimbo. Atalima zulia, usicheke. Atakosa, usimfundishe, hiyo ni kazi ya Byiringiro. Akinuna, mrudishe Jumamosi nyingine. Siku moja mpira utamtoka, utapanda juu ya maji na kukawia, na mzee wa kanisa atapiga mluzi. Hapo usiseme kitu. Atageuka mwenyewe akutazame.