Kalenda ya Hifadhini Kwenu

Mdogo wangu,

Kalenda ya hifadhi yenu imefika. Kuku wanataga, paa tumeliziba. Nimekuona Januari ukipandisha wageni mlimani, Juni mko kwenye baiskeli, Desemba mnacheza na theluji. Kumbe kweli kazi yenu haina msimu! Lakini Aprili umembeba mgongoni mzee wa wenyewe, mnavuka kijito, meno yote nje. Na wa kwako je? Tangu miguu yake igome, kila nikikuita unasema hupewi ruhusa. Usinifanye mjinga!

Baba kataka niitundike ukutani. Jana nilikuwa nimembeba nampeleka msalani, akaniambia, "Simama kidogo, mwanangu, nimwone kijana wangu anavyojua kubeba watu."

Ni mimi dada yako, mgongo ukiniuma.