Nilisema Hakuna Ugonjwa Kama Huo

Mpendwa mshauri, kwa miaka tisa nimeshindana na swali moja, na sasa naomba msaada wako: mtu aliyesoma akimponza ndugu yake kwa kusema asilolijua, je, anaweza kulirudisha neno lake, au atakuwa anajitibu mwenyewe kwa kuchokoza jeraha la mwenzake?

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya upili hapa Nyeri, na mdogo wangu Kagure aliolewa Kerugoya na seremala aitwaye Kihara, wakakaa vizuri hadi alipojifungua mtoto wa tatu, ndipo miguu yake ikaanza kukataa kutulia kila jua lilipoelekea kuzama, hawezi kuketi hata chakula kiishe, atainuka, azunguke nyumba, arudi, ainuke tena, na akilala anarusha mateke hata Kihara akawa anaamka muundi umevimba. Aliniambia, "Si maumivu, dada. Ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Nikitembea mimi, wao wanatulia." Nilimcheka, nikamwambia apunguze mawazo.

Mama mkwe wake alikuwa na maelezo yake, kwamba miguu isiyotulia inatafuta njia ya kurudi kwao. Mwaka 1974 wazee wa pande zote mbili waliitwa, tukaketi tangu mchana hadi jioni, na Kagure akainuka mara tatu watu wakiwa bado wanazungumza, na mara ya tatu Mzee Theuri, baba mdogo wa Kihara, akasema, "Mnaona? Kama kiti imemshinda, ndoa ataweza?" Wakacheka, wa kwao na wa kwetu. Ndipo wazee wetu wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mimi niliyetoka chuo kikuu, wakaniuliza kama huo ni ugonjwa.

Nilikuwa na jibu la kweli, nalo ni "sijui." Nikasema, "Hakuna ugonjwa kama huo." Nadhani niliona haya kukosa jibu mbele ya watu waliouza mbuzi na kuchuma kahawa ili mimi nisome, ingawa huenda hata maelezo haya nayatoa ili kujipendelea. Kagure alirudishwa kwetu, watoto wakabaki Kerugoya.

Mwezi uliopita, katika maktaba ya hospitali, nilisoma jarida la madaktari kuhusu watafiti waliowalaza watu wa namna hiyo wakiwa wamefungwa nyaya miguuni, wakakuta miguu inaruka yenyewe kila baada ya nusu dakika hivi, mwenyewe yumo usingizini hana habari, na baadhi yao, hasa wanawake waliozaa, damu yao ilikuwa imepungukiwa na madini ya chuma. Mgonjwa mmoja alisema anahisi wadudu mifupani. Nililifunga jarida nikaketi pale hadi mkutubi akaniuliza kama naumwa. Hata hivyo najitilia shaka: sijui kama nimeutambua ugonjwa wa Kagure au natafuta tu jina litakaloniadhibu. Yeye hujifunga miguu kwa leso kila anapolala, akiamini ana kosa. Nimwambie? Na nikimwambia, nitakuwa nimemrudishia nini, ilhali Kihara ameoa mwingine?

Ngendo, Nyeri

Mwalimu Ngendo,

Barua yako imenihuzunisha, kisha ikaniudhi. Mdogo wako anajifunga miguu kama mbuzi wa sokoni, nawe umekaa na habari hizi mwezi mzima ukizipima! Leso hiyo ifunguliwe leo, kabla ya jambo lingine lolote.

Kosa lako halikuwa kutojua. Wako madaktari wasiojua hadi sasa. Kosa lilikuwa "hakuna." Basi chunga usilirudie kwa kuligeuza, ukakimbilia Kerugoya kutangaza "upo" kwa sababu ya kurasa chache za jarida. Mpeleke Kagure hospitali wiki hii, damu yake ipimwe. Chukua jarida lako, lakini ukifika kwa daktari, nyamaza. Mwache aseme mwenyewe habari za siafu wake. Ulishamsemea mara moja.

Mwombe msamaha kabla majibu ya damu hayajatoka. Ukisubiri majibu, utakuwa unasubiri ruhusa, na deni hili halitegemei damu. Yeye akikubali, waombe wazee wale wale wakae tena, uwaambie, "Niliulizwa nisilolijua, nikajibu." Usiongeze neno. Usimdai Mzee Theuri msamaha. Kicheko chake kiligeuka hukumu kwa elimu yako.

Unauliza utamrudishia nini. Hapo sina jibu, wala sitajifanya ninalo. Nimeisoma barua yako mara nne. Najua alichosema mama mkwe, alichosema Theuri, alichosema mgonjwa wa mbali katika jarida. Alichotaka Kagure siku ile alipoinuka mara ya tatu sikijui, kwa sababu hukukiandika, na hukukiandika kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Huenda anataka watoto wake. Huenda anataka nyumba yake, au hataki kuiona tena. Hadi aseme, swali lako litabaki wazi, kwako na kwangu.

Nenda ukamuulize. Lakini usimketishe. Tembea naye.