Siri ya Pande Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba lile goti limepunguza ukorofi. Mwili wangu ni mzima, ila moyo umechafuka. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijafika popote.

Unaijua kazi yangu ya wodi ya saratani. Watu hudhani kinachotuchosha ni vifo. Vifo vinauma, lakini kuna jingine.

Mwezi uliopita tulimlaza mama mmoja, fundi cherehani, mcheshi kweli. Alilitazama koti langu akasema aliyelishona alikuwa amegombana na mkewe. Ugonjwa wake ulikuwa umeshafika kwenye ini. Wanawe, kijana na binti, walinivuta kando koridoni wakanisihi nimwambie ni vidonda vya tumbo tu. Niliwajibu kwamba akiniuliza sitamdanganya.

Hakuniuliza. Nilipokuwa nampima presha alinishika mkono. "Daktari, ninachoumwa nakijua. Nilimuuguza dada yangu kwa hiki hiki. Ila wanangu wasijue kwamba najua. Wataumia."

Basi kila asubuhi nikawa napita katikati yao. Wao wanamwambia karibu atarudi kwenye cherehani. Yeye anawaambia chakula kinapanda, na wakigeuka anakitema kwenye leso. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na hakuna aliyekuwa na wa kulia naye. Nilipowaza kwamba ataondoka hivyo hivyo, usingizi ulinipaa.

Mwishowe nilimwambia mama yule kwamba wanawe wanaumia tayari, na wanaumia peke yao. Alilinyoosha shuka kwa viganja. "Haya, waite. Lakini usitoke."

Nilivuta pazia. Akawaambia mwenyewe, bila kuzunguka. Yule kijana, jitu la miraba minne, alipanda kitandani na viatu vyake akajilaza ubavuni mwa mamaye. Binti alicheka huku machozi yanamtoka. Waliongea mpaka chakula cha mchana kikapoa. Walijaliwa wiki moja na ushei namna ile, kisha akafariki, mkono mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule.

Kaka, sasa kaa kitako. Mama yetu ana saratani ya titi. Majibu ya vipimo yalipotoka alinifunga mdomo nisikwambie, eti una mambo yako mengi. Nilikubali, maana mama ni mama. Lakini baada ya kumzika fundi yule sikuweza tena kukuficha, nikamwambia mama hivyo. Alininunia kutwa nzima. Jioni akasema, "Mwandikie basi. Lakini asije na uso wa msiba."

Madaktari wenzangu wanasema tumeuwahi ugonjwa. Matibabu yanaanza wiki ijayo. Zaidi ya hapo sina ahadi, nami nimeshawaambia wengi maneno haya haya kwa sauti iliyotulia. Kwa mama sauti hiyo sina. Nilipoyasoma majibu yake nilijifungia chooni, nikafungua bomba ili wauguzi wasinisikie.

Njoo, kaka. Chumbani mwa mama nataka kuwa mtoto wake, si daktari, na kuwa mtoto peke yangu siwezi.

Nisalimie wifi, na wanao uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba