Nchoolo Iliyofunguliwa Kianjai

Isiolo,
Jumatano

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Baba, pamoja na goti lako la kulia ambalo najua linakusumbua kila ukungu unaposhuka. Natumaini yule ng'ombe mweupe amezaa salama na kwamba tumbili wamewaachia mahindi kidogo. Sisi huku tu wazima. Upepo wa Isiolo ni uleule, unatuletea vumbi hadi ndani ya sufuria. Kinoti anakusalimu. Mwendwa pia anakusalimu. Anafua nguo hapo nje, na habari zake utazipata ukisoma hadi mwisho.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Nikianza kusema, unaniambia nitulie, mambo ya wakubwa yataongewa na wakubwa, halafu mtandao unapotea. Barua haina mtandao wa kupotea. Nina miaka arobaini na mmoja, nafundisha watoto wa watu historia, na bado mambo ya tumbo langu ni ya wakubwa.

Jambo lenyewe unalijua. Mama mkwe anataka Kinoti aoe mke wa pili kabla ya Krismasi, kwa kuwa mimi sijazaa tangu tuoane. Anasema Kinoti hajamzaa, yaani hajampa mjukuu wa kuitwa jina lake. Kaburu, kaka yake Kinoti, alishamzaa zamani. Mjukuu mwenye jina lake yuko, anakimbia huko na kamasi. Lakini mtu akitaka kuzaliwa mara mbili, nani atamzuia?

Sijui kama alikuambia walichonifanyia hapa nyumbani kwetu Burat mwezi wa sita. Alikuja na wanawake wawili wa kanisa lake, nikawawekea chai. Mmoja akanishika kidevu kama mtu anayenunua mbuzi, akanigeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akawaonyesha wenzake nywele zilizoota hapo. Akasema mwanamke mwenye ndevu ana tumbo la kiume, na tumbo la kiume halishiki mimba. Mama mkwe akacheka hadi akamwaga chai kwenye kitambaa ulichonifumia. Wakanipa chupa ya maji ya mizizi. Nikanywa kwa heshima, nikatapika siku nzima, wakasema ni uchafu unatoka. Kisha wakamleta mchungaji wao, kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa juzi, akajipaka mafuta kiganjani na kuuliza kama anaweza kuweka mkono chini kidogo ya kitovu. Nilimwambia mkono wake ukishuka hapo hatarudi nao kanisani. Tangu siku hiyo mimi ndiye mwenye pepo.

Nina ugonjwa, Mama, na una jina. Madaktari wanauita PCOS. Homoni hazina mpangilio, yai haliivi na kutoka kwa wakati wake, hedhi inakuja inapotaka, nywele zinaota kidevuni. Daktari alisema wanawake wengi wanao, na wengi wao hupata watoto wakitibiwa. Wengine huchelewa, wengine hawapati. Akasema hata asiyetaka mtoto aangaliwe sukari na presha. Hakutaja laana popote. Kinoti naye alipimwa, kwa hiari yake, na hilo ndilo linalowachukiza watu wa kwao kuliko yote. Kinoti anachanja mifugo kaunti nzima, hadi Biliqo, na anasema hajaona mfugaji anayemchinja ng'ombe asiyezaa kabla ya kumwangalia fahali. Lakini mwanamume akienda kupimwa mbegu, wazee wanatema mate chini. Majibu yake yalikuwa mazuri. Angeweza kuyabeba kwa mama yake kama cheti cha shule. Akanyamaza nayo.

Usidhani sisi ni malaika. Tulipoanza kufuata kalenda ya daktari, kitanda kikawa kama ofisi: unaingia, unafanya kazi, unatoka. Tuliacha kucheka. Kinoti alikuwa akirudi safari anakaa ndani ya gari nje ya lango, na mimi jikoni najua amekaa, wala hakuna anayemwita mwenzake. Aliyetutoa hapo ni Hamdia, jirani yetu, Mborana wa Kulamawe, ambaye pia hana mtoto. Alinikuta uani nang'oa ndevu, akachukua kioo, akaniambia nisogee naye ang'oe zake, foleni ni ndefu. Akanisimulia kwamba shangazi wa mume wake alimwambia hata ngamia asiyezaa hubeba maji, yeye anabeba nini. Hamdia akamjibu kwamba anabeba mdomo wa shangazi, miaka yote hii, na bado hajapata pa kuutua. Nilicheka hadi nikakaa chini. Kinoti alitusikia kutoka garini, akaingia ndani, akauliza tunacheka nini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuniuliza kitu kisichohusu tarehe.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita Kinoti alikutana sokoni na mjomba wake anayeleta miraa hapa mjini. Mjomba akampa mkono, akampongeza kwamba nchoolo yake imepokelewa vizuri. Kinoti alidhani ni mzaha. Wewe unajua, Mama, lakini acha niiseme: nchoolo si miraa ya kutafuna kibandani. Ni furushi lililochaguliwa tawi kwa tawi, likafungwa kwa majani ya mgomba, likapelekwa kwa baba wa msichana. Na baba akilifungua akatafuna, amekubali posa. Kinoti akauliza limefunguliwa kwa nani. Mjomba akacheka, akamwambia asijifanye mgeni, ni kwa baba mkwe wake yuleyule wa Kianjai, anaongezewa tu.

Kwetu. Mama mkwe aliituma kwa jina la Kinoti, Baba akaifungua akatafuna, nawe ukawapikia wajumbe chai. Na msichana anayeombwa ni Mwendwa, mdogo wangu, niliyembeba mgongoni wewe ukiwa shambani.

Kinoti alinieleza akiwa amesimama, hakuweza kukaa. Nimesoma mengi kuhusu watu na wanavyouzana, na mengine nayafundisha kila mwaka. Darasani huwa yananikasirisha. Haya yalinitia kinyaa, kwa sababu niliijua harufu ya hiyo chai na vikombe vilivyotumika.

Hoja yako naijua, Mwendwa amenieleza. Ulisema mke mgeni angenifukuza, lakini dada hamfukuzi dada, na watoto wake wangekuwa wangu. Ulidhani unanilinda. Hapo ndipo panaponiuma. Mama mkwe naweza kumchukia nikala nikashiba; wewe siwezi. Umemchukua binti mmoja ukamkata kuwa kiraka cha mwingine. Hukumuuliza Mwendwa. Hukuniuliza mimi. Hukumuuliza Kinoti, anayemwita Mwendwa mtoto tangu akiwa na sare ya shule. Mlimuuliza nani? Miraa?

Mwendwa alikuaga kwamba anakuja kunitembelea. Hakuja kutembea, amekimbia. Na ameniambia jambo ambalo hajawahi kukuambia. Tangu amalize shule hedhi yake hupotea miezi na miezi, na kidevu chake anakinyoa kwa wembe kabla hujaamka. Juzi nilimpeleka kwa daktari yuleyule. Ni ugonjwa uleule, Mama. Daktari hata hakushangaa. Alisema hutembea katika familia, akauliza mama yetu vipi.

Nikakumbuka kioo chako kidogo cha dirishani na koleo ya waya. Ulituambia unatoa mwiba. Nikakumbuka miaka mingi iliyopita kati ya kuzaliwa kwangu na kuzaliwa kwa Mwendwa, na nyanya, mama yake Baba, aliyekuwa akikuita kisima kikavu mbele ya wageni, nawe ukimwongezea uji. Hukuwa na laana. Nadhani ulikuwa na hii, na hakuna aliyekuambia. Sasa mmeenda kutafuta mbegu kwenye ghala lilelile mnalosema halina kitu.

Na hapa lazima nikiri. Daktari alipotamka, nilicheka. Niliuona akilini uso wa mama mkwe akipata habari, nikacheka kwa sauti, na mdogo wangu amekaa kando yangu ameshika mkoba mapajani. Wale wanawake watatu waliokaa sebuleni kwangu, siku hiyo nilikuwa wa nne wao. Nimemwomba msamaha, amesema haidhuru. Tangu hapo haniangalii machoni.

Jumamosi Kinoti anakuja huko. Atakuja na nchoolo nyingine ya ukubwa uleule, kwa sababu iliyotafunwa hairudi. Mwambie Baba asiifungue. Aipeleke kwa mama mkwe kwa mkono wake, ikiwa imefungwa vilevile, ili kila mtu aone kwamba neno limevunjwa. Mimi siachiki na Mwendwa haolewi. Tukipata mtoto mtasikia, tusipopata tutazeeka hivi hivi, na Hamdia ameahidi kuendelea kugawana kioo nami. Wakitaka sababu, taja ugonjwa wangu kwa sauti. Wa Mwendwa usiutaje; huo atausema mwenyewe akitaka.

Nisalimie Baba, ingawa nimemkasirikia. Wasalimie majirani wa ng'ambo ya mto na mwalimu wangu wa darasa la tatu, kama bado anapita hapo na baiskeli yake. Usipande ngazi za ghala na hilo goti.

Mwendwa ameingia, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia nakusalimu. Akauliza kama akirudi nyumbani utamwita kwa jina lake, au utamwita lile ambalo nyanya alikuwa akikuita wewe. Nimekataa kumjibu kwa niaba yako. Anangoja hapa mlangoni, na nguo mbichi mkononi.

Binti yako,
Karwitha