Beringi Uliyonificha

Baba Zuberi,

Salamu nitakupa mwishoni, ukistahili. Kwanza nina ugomvi na wewe, na kwa kuwa huwezi tena kuondoka kwenda kuangalia ng'ombe kila nikianza kusema, leo utanisikiliza mpaka nimalize.

Naandika mwenyewe, usishangae. Ulikuwa unanicheka nikienda kisomo cha watu wazima na daftari langu kwapani, ukasema nitamaliza wino wa nchi nzima kwa kuandika jina lako. Mwalimu alitufundisha kwamba barua huanza na anwani, upande wa kulia juu. Yako siijui. Nimeacha nafasi.

Eda imekwisha. Niliikaa yote, chumbani mwetu, na dada yako Mwanaidi alihamia hapa kunipikia na kunisema. Ng'ombe amezaa ndama dume. Kuku bado wanalala ndani ya boti la mzungu wako na wanataga humohumo. Ubao mmoja wa chini ulioza kwa mvua, Zuberi ameupiga bati. Mwanao alirudi kutoka jeshini siku ile ya msiba na hakuondoka tena. Amekonda, anaamka alfajiri bila kuamshwa, na kijiji kimempa kazi yako. Yeye ndiye anayeendesha gari la kijiji na kuvuta lile tela. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Tela lile ulilipenda kuliko ndugu zako wengine. Ulipokuwa dereva wa mzungu mlilivuta pamoja hadi Tanga na boti juu yake, na ulinisimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akilirudisha nyuma baharini magurudumu yakiwa bado ya moto kwa safari. Chuma cha moto kikiingia kwenye maji baridi hunywa, ulisema, na hicho kilikunywa chumvi mpaka kikalewa. Baada ya Uhuru mzungu akarudi kwao, boti na tela akakuachia wewe. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa ukasimama mkutanoni, kifua mbele, ukatoa tela liwe la wote libebe kabichi za shamba la pamoja. Mimi nilinuna wiki nzima. Nusu ya watu wa hapa hawajaiona bahari, lakini kabichi zao zimesafiri juu ya magurudumu yaliyozama humo.

Na kila msimu kabla ya mavuno tuliyahudumia pamoja. Wewe unapandisha jeki, unavua magurudumu na vile vitovu vyake vya katikati, mimi nakaa kizingitini na karai la mafuta ya taa, naosha beringi, nazikausha, napitisha ukucha juu ya kila kipipa kidogo cha chuma kuona kama kuna mahali panakwaruza. Ulisema ukucha wangu unaona kuliko macho yako. Ukucha ukikwama, beringi inatupwa, hata kama hakuna nyingine. Hiyo ilikuwa sheria yako, si yangu. Safi ndizo tulizozijaza grisi, tunazisukuma dhidi ya kiganja mpaka grisi itokee upande wa pili, nawe unaniambia, "Taratibu, Mama Zuberi, hii si bada ya muhogo unakanda."

Mara moja tu uliyafanya peke yako. Nilikuwa Mlalo, binti yetu Amina amejifungua. Niliporudi ukaniambia, "Magurudumu nimeshamaliza. Mazima." Nikakushukuru, nikakupikia. Msimu ulipokwisha ikaja homa yako ya mapafu, tukakupeleka hospitali ya Bumbuli, na ukarudishwa umefunikwa shuka.

Sasa sikiliza. Arobaini yako ilikuwa imepita tu, tela likaanza kulia gurudumu la kushoto. Hapa kijijini hakuna aliyewahi kulifungua isipokuwa mimi na wewe, na mimi nipo ndani, nimekaa eda, siwezi kwenda barabarani kuinama chini ya tela mbele ya wanaume. Zuberi akavua kitovu chote, akakirudishia kifuniko kuzuia vumbi, akaniletea chumbani ndani ya karai. Mwanaidi akaogopa, akamtuma mtu kwa shehe kuuliza kama mjane anaruhusiwa kazi ya namna hiyo. Shehe akajibu kwamba kazi ya mikono ndani ya nyumba haina neno, mradi nisijipambe na nisijitie manukato. Mwanaidi akanitazama, mafuta ya taa yamenifika viwikoni, akasema kwa hilo la manukato shehe alale usingizi. Tukacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu uondoke, na nikaona vibaya, halafu nikaona si vibaya.

Nikafungua kile kifuniko kidogo cha mbele. Grisi yako ilikuwa mle ndani, imetulia, na juu yake alama ya dole gumba lako. Lile lenye kovu la mundu. Kovu lenyewe lilionekana, mstari mmoja umekatiza, kama ulivyoligandamiza asubuhi ile.

Baba Zuberi, nguo zako tuligawa. Godoro lilianikwa, chumba kilifagiwa mpaka pembeni. Hakuna aliyekumbuka kuchungulia mle. Nililia. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile watu walikuwa wananitazama. Mwanaidi aliniita chakula, sikuinuka. Sikutaka kuiosha ile grisi. Nilikaa nayo mapajani mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta mzima, na Zuberi nje anakohoa kunikumbusha kwamba tela limesimama juu ya mawe.

Mwishowe nikaiosha. Grisi ya zamani hairudishwi, ulinifundisha mwenyewe. Nilifuta dole gumba lako kwa kitambaa, nikamwagia mafuta ya taa, nikaendelea na kazi.

Na beringi ilipokauka nikapitisha ukucha, ukakwama.

Nikadhani ni takataka. Nikaosha tena. Ukakwama palepale. Kwenye vipipa viwili kulikuwa na mashimo madogo ya kutu, na ndani ya kikombe chake pia, ile pete inayoizunguka, kutu ya kale ya kahawia iliyokula chuma. Kutu ya namna hiyo hailetwi na msimu mmoja. Ilikuwepo siku ulipoijaza grisi. Uliigusa. Uliijua. Ukaniambia, mazima.

Nje kabichi za shamba zima zilikuwa zimekatwa, zimelundikwa kando ya barabara, na lori la kuzipokea lingekuwa Mombo kesho yake. Mwenyekiti wa kijiji, binamu yako, unamjua haraka zake, akaja chini ya dirisha langu. Akasema, shemeji, jaza grisi tu, ifike safari hii moja, mengine tutayatazama baadaye. Si mtu mbaya. Kabichi zile zilikuwa jasho la watu wote, na la kwangu pia. Lakini aliyekuwa anashuka nazo zile kona za kutoka Soni kwenda Mombo, genge upande mmoja na ukuta wa mwamba upande mwingine, ni mwanangu. Gurudumu likiachia pale, tela linaburuta gari, gari linaburuta dereva.

Nikasema haendi.

Zuberi akaingia chumbani, kijeshi kabisa, akasema, "Mama, ni agizo la kijiji." Nikaichukua ile beringi nikaifunga pindoni mwa kanga, nikaikalia. Nikamwambia akitaka aje ainyang'anye mwilini mwa mama yake. Akatoka nje. Na hakuna mwanaume mwingine ambaye angeweza kuvuka mlango wa mwenye eda, hata awe mwenyekiti wa mkoa. Waliongea nje weee, mimi nikaanza kupepeta choroko.

Basi mwenyekiti akatuma wanawake. Walijaa chumba kizima, wengine na watoto mgongoni, wamekuja kunisihi, na wengine hawakuja kusihi, walikuja kukasirika. Mke wa mwenyekiti akasema ninalinda mwana mmoja nawapa njaa wana wa kijiji. Lilinichoma, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Sikubishana. Nikafungua pindo, nikamwekea beringi kiganjani, nikamwambia pitisha ukucha. Akapitisha. Akarudia. Akampa wa pembeni yake. Ikazunguka chumba kizima mkono kwa mkono, na kila aliyeigusa alikuwa na mtu ambaye siku nyingine hupanda juu ya lile tela kushikilia mzigo. Kelele zikapungua. Mke wa mwenyekiti akanirudishia mwenyewe, akajifunga kanga kiunoni, akasema, Soni si mbali, tujitwike.

Walijitwika, Baba Zuberi. Wanawake mbele, wanaume nyuma kwa aibu, hadi Soni. Bei ya pale haikuwa ya Mombo, na nyingi zilichelewa zikaishia kwa ng'ombe. Msimu huu tumekula kwa kubana. Mwenyekiti alininunia mpaka juzijuzi.

Lakini nilichotaka kukuambia ndicho hiki. Mwanaidi alikuwemo kwenye ule msafara. Jioni akarudi, shingo imemkaza, akakaa kitandani kwangu na kuniambia amepita kwa Saumu.

Saumu muuza uji. Unadhani nimesahau? Msimu wako wa mwisho, kila safari, ulikuwa unakaa pale kwake Soni muda mrefu, ukishuka na ukipanda. Watu waliniletea maneno hadi kisimani. Nilipokuuliza, ukaniambia uji wake mtamu. Nikaacha kukupikia uji. Mwanamke yule nikawa nikimwona sokoni nageuza uso, naye masikini anabaki na salamu yake mdomoni.

Saumu alipojua Mwanaidi ni nani, akalia. Akasema, yule mzee alikuwa ananunua kikombe kimoja na hakinywi. Anakwenda kukaa chini, kando ya gurudumu la kushoto, ameliwekea kiganja kama anampima mtoto homa. Likipoa anaamka, anaaga, anaondoka.

Kumbe. Ulikuwa unaipumzisha beringi. Ukaona afadhali nidhani una mwanamke kuliko nijue una beringi mbovu. Wallahi sijapata kusikia mume wa namna hiyo. Wenzako wanaficha mwanamke kwa kusingizia gari.

Najua kwa nini. Ungeniambia, ningeifunga pindoni siku hiyohiyo, nawe ulikuwa umeshasimama mbele ya watu ukaahidi kabichi zitashuka. Ukajibebea peke yako, safari baada ya safari, na kikombe cha uji kinapoa mkononi, halafu unarudi nyumbani kununiwa. Nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu ningekaa pale na wewe. Tungekaa wote wawili chini tukisubiri lipoe, na sasa nafasi hiyo sina.

Zuberi alishuka Mombo kwa kudandia malori, akazunguka karakana za mashamba ya mkonge mpaka akapata beringi iliyotumika, na kikombe chake. Alinipa mkononi, akasimama kusubiri. Ukucha ulipita kama kwenye kioo. Nikaijaza, akaenda kuifunga, nami nikamwelekeza kupitia dirishani, nikisikiliza: kaza huku unazungusha, halafu rudisha nati kidogo gurudumu lipumue. Lilizunguka bila sauti.

Nilipotoka eda, safari yangu ya kwanza haikuwa sokoni wala kwa ndugu. Nilipanda gari na mwanao hadi Soni, nikaenda kumsalimu Saumu. Akanipa uji, na kweli ni mtamu, hilo hukudanganya. Zuberi akaendelea kwenda Mombo na mzigo, nikabaki pale kibandani kumngoja. Nilisikiliza kila gari lililopanda. Saumu aliniona vidole vyangu vinachezea pindo la kanga, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

Alirudi jua likielekea kuzama. Akashuka garini, na kabla ya salamu akasema, "Mama, la kushoto limepata joto kwenye zile kona za chini. Nadhani nati nilikaza mno. Nilisimama njiani likapoa, lakini njoo uguse."

Angeweza kuniambia ni zima. Ningemwamini, kama nilivyokuamini wewe.

Nikaenda nikagusa. Lilikuwa vuguvugu. Tukavua kile kifuniko pale pale, tukailegeza nati kidogo, tukarudishia pini, kisha tukakaa chini, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, mpaka chuma kikawa baridi kama mawe ya barabarani.

Haya, chukua salamu zako. Wote wanakusalimu, na Saumu pia. Nakuahidi mwanao hatashuka mlima huu na jambo ambalo mimi silijui, na mimi sitamnunia akiniambia. Nimekusamehe, lala. Lakini kama kuna lingine ulilolificha, anza kutafuta maneno mapema, maana siku nikifika huko, kabla hujanikaribisha, nitauliza.

Ni mimi mkeo,
Mama Zuberi