Nimekata nyuzi za raketi ya fainali

Shoga, hebu nisikilize. Nilikuwa nafunga nyuzi mpya kwenye raketi za bingwa wetu wa tenisi. Nimekata za ile ya fainali!

Zilezile alizopigia mpira wa ushindi! Miaka ishirini hajaruhusu mtu aziguse. Ilichanganyika na nyingine, mimi nikaona zimelegea, nikakata.

Akaingia. Nikasema, "Dada, nimeharibu." Akazitazama sakafuni. Na unamjua, aliwahi kuvunja raketi mbili kwa sababu mwamuzi alipiga chafya!

Akasema, "Siku ile nilitapika chooni kwa woga. Watu wakaniita simba."

Alitapika! Yeye!

Halafu: "Funga nyingine, nataka kuichezea. Usikaze sana, bega si lile tena."

Kuichezea! Nimefika uzi wa saba, vidole vimegoma. Nitamalizia kesho. Sijui kanisamehe au kaniwekea kinyongo.